Jibu: Vipimo vyote safi, moyo unaenda mbio usiku

Habari ndugu wa Ujiji. Unasema unashtuka saa nane usiku, moyo unadunda, mikono inakufa ganzi. Malaria hakuna, presha sawa, na daktari kasema "ni mawazo tu". Hilo "tu" ndilo linalokukwaza, na una haki. Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa (980–1037), aliziweka hisia za nafsi kwenye orodha moja ya mambo yanayogusa afya ya mwili, pamoja na hewa, chakula na usingizi. Hofu humwaga adrenalini, homoni ya mshtuko, moyo unakimbia kwelikweli.

Kwanza hakikisha umepimwa wingi wa damu, sukari, homoni za tezi ya shingo (TSH) na umeme wa moyo. Malaria peke yake haitoshi. Kahawa ya kijiweni jioni, acha. Saa tano baadaye karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Vinywaji vya kuongeza nguvu ndiyo kabisa.

Ganzi huletwa na kuhema harakaharaka: unatoa hewa chafu (kaboni dioksidi) kupita kiasi. Basi kaa, vuta pumzi kwa pua ukihesabu 4, itoe polepole ukihesabu 6, dakika tano. Usivute kwa nguvu, utazidisha kizunguzungu. Fanya na mchana pia, la sivyo usiku utasahau.

Diazepamu (dawa ya kutuliza wasiwasi) ya kujinunulia usiguse, inazoeleka upesi.

Maumivu ya kifua yakienda mkononi au tayani, au ukizimia, nenda hospitali ya Maweni usiku huohuo. Mashtuko ya usiku yakijirudia bila dalili hizo, omba kuonana na mtaalamu wa afya ya akili.