Ndiyo, nilijua wanakuita Feri

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma usiku, nikausoma tena baada ya sala ya Alfajiri, nikaona simu haitatosha. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kama nilijua kwamba shuleni walikuita Feri, kwa jina la lile soko la samaki la Dar es Salaam. La pili, kama nilijua, mbona sikuacha kukufungia papa. Na umeuliza kwa sababu binti yako, huko Uingereza, amerudi kutoka shuleni siku tatu mfululizo na wali wake na mchuzi wa dagaa hajaugusa, kisha akakwambia kwamba wenzake mezani wanaziba pua.

Nilijua, baba.

Hukuniambia wewe, wala hakuniambia mwalimu. Kopo ndilo lililoniambia. Lile kopo la Blue Band nililokutilia chakula lilikuwa likirudi safi kabisa, halina hata mafuta ukingoni, linanukia sabuni. Mtoto wa miaka tisa haoshi kopo kwa kupenda. Siku moja nafua kaptula yako nikakuta mfukoni kipande cha sabuni ya mche, umekifunga kwa karatasi ya daftari. Nilikaa chini pale pale uani. Jioni nikamsikia mtoto wa jirani akikuita nje: "Feri! Feri, njoo tucheze!" Nani Temeke asiyejua Feri ni wapi na kunanuka nini? Nikaelewa.

Hiyo ilikuwa 1998, mwaka ulioanza na zile mvua za El Nino. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa hana kazi, mimi nashona. Ada alilipa mjomba wako, lakini chakula cha pale shuleni kilikuwa na malipo yake mbali, na hayo hatukuyaweza. Papa mkavu hahitaji friji, na kipande cha ukubwa wa kiganja kinatia ladha chungu kizima cha muhogo wa nazi. Hiyo ni sababu moja. Nyingine sijawahi kukwambia: hata kama pesa zingekuwepo, sidhani kama ningeacha. Babu yako alikuwa mvuvi wa Kojani, kule Pemba. Alikuwa akienda dago, kupiga kambi ya uvuvi mbali na nyumbani, kwa miezi, na siku anayorudi na makanda ya papa na ng'onda, ile harufu mlangoni ilituambia kwamba baba yuko hai. Papa wengine walikuja na majahazi ya Arabuni wakati wa kaskazi, pamoja na tende, na watu wazima walikwenda kuwachagua kama wanavyochagua kitambaa cha harusi. Sasa mtoto mwenye mkate na jemu amwambie mwanangu kwamba hiki kinanuka? Niliona uchungu sana. Na uchungu ule wangu niliufunga ndani ya kopo nikakupa wewe uende nao.

Umeniandikia kwamba walichoka wenyewe mlipofika darasa la nne. Hawakuchoka, mwanangu.

Papa ananuka kwa sababu yake. Nyama yake ina urea nyingi, ndiyo inayomsaidia kuishi katika maji ya chumvi. Akishakufa, bakteria huigeuza amonia, ile ile inayokupanda puani ukiingia choo kisichomwagiwa maji. Wazee wetu Kojani hawakuwa na neno amonia, lakini dawa yake waliijua: maji mengi na kitu kichachu. Basi nikaanza kumroweka baada ya Isha. Saa nane usiku naamka kubadili maji. Saa kumi namchemsha, maji ya kwanza namwaga. Kisha ndimu, namchambua nyuzi nyuzi, namkaanga na kitunguu thomu na tangawizi mpaka akauke, ndipo natia tui. Halafu nakiacha chakula kipoe chini ya kawa kabla ya kukitia kwenye kopo. Chakula kikifunikwa cha moto, mvuke unabaki ndani na harufu yake yote, na mtoto akifungua unatoka kwa pamoja. Hivyo ndivyo inavyofanya hiyo chupa yako ya kutunza moto, tena katika ukumbi ambao madirisha yake yamefungwa kwa baridi. Kama binti yako bado anawataka dagaa, wakaange wakavu kwa ndimu, uwatie kwenye kibakuli chao, mbali na wali.

Nilifanya hivyo mwaka mzima na sikukwambia. Nilijisifu moyoni kwamba nimekuokoa. Leo naona nilikosea, na hili ndilo lililonifanya niandike.

Kwa sababu tulifichana, mimi na wewe, ndani ya vyumba viwili. Mimi na maji yangu ya kuroweka, wewe na kipande chako cha sabuni. Ulikuwa unaosha kopo bombani peke yako huku wenzako wanacheza mpira, ukidhani mama hajui na hatakiwi kujua. Nami kwa kuiondoa harufu kimya kimya nilikubaliana na wale watoto kwamba kosa lilikuwa la papa. Kosa lilikuwa la maneno, na la watu wazima waliokuwa karibu wakayasikia wakanyamaza.

Shuleni nilikwenda, na hili pia hulijui. Nilivaa lile baibui langu la sikukuu, nikafika mpaka getini, nikamwona mwalimu wako wa darasa anasahihisha madaftari chini ya mti. Nikarudi. Niliona haya, mimi fundi cherehani ambaye hata ada silipi mwenyewe, nikamsumbue mwalimu kwa habari ya samaki. Angeweza kulimaliza kwa dakika tano. Ningemwambia tu: mwanangu anaitwa jina lisilo lake, naomba likome. Miaka yote hii nimekuwa nikilikumbuka lile geti.

Kwa hiyo wewe ingia getini. Nenda kabla hujabadilisha chakula, usiende baada. Ulinieleza kwamba huko Uingereza madarasa matatu ya mwanzo, yaani la awali, la kwanza na la pili, watoto wote wanapewa chakula cha mchana bure, ndiyo maana mtoto hakupata taabu hii mpaka Septemba hii alipopanda la tatu na kuanza kubeba cha nyumbani. Mwalimu huenda hajui kabisa kinachoendelea pale mezani. Mwambie maneno yenyewe yanayosemwa na nani anakaa wapi. Usimwambie "wanamtania", kwa kuwa hilo linamfanya mtu mzima atabasamu.

Na usimpe mtoto hotuba ya kujivunia asili yake. Babu yako na makanda yake na majahazi ni habari nzuri ya jioni, lakini saa sita mchana yeye ana njaa na ana dakika chache za kula kabla hajakimbilia kucheza. Vilevile usifuate ushauri wa kumpa sahani kubwa awapelekee darasa zima waonje. Wakionja wakatema, je? Mtoto wa miaka saba asitumwe kuitetea Pemba nzima kwa kijiko.

Akitaka mkate, mpe mkate, wala uso wako usibadilike unapoupaka siagi. Watoto wanasoma nyuso zetu. Dagaa atakula jioni nyumbani, atawapenda kwa wakati wake. Lakini hata akibeba mkate, kwa mwalimu nenda tu, maana leo ni dagaa na kesho watanusa mafuta ya nazi kichwani mwake.

Unaniuliza kama nilijua, nami nakuomba radhi, babaangu. Si kwa papa. Papa alikuwa chakula kizuri na nilikipika kwa mapenzi. Nakuomba radhi kwa sababu nilikiona kile kipande cha sabuni, nikakirudisha mfukoni kaptula ilipokauka, sikukuuliza kitu.

Jumamosi nitapiga simu. Salamu na maongezi yetu yatangoja. Mpe simu mjukuu wangu kwanza, utoke chumbani, nimuulize mwenyewe anataka kula nini.

Mama yako