Mwenyekiti, jizuie kuwa mchangiaji

Ndugu mwenyekiti, pole. Umeeleza kwamba mkutano mkuu wa kijiji uliishia kwa kelele: wazee watatu walishika mjadala wa kugawa eneo la malisho, akina mama wakanyamaza, na shemeji yako ni miongoni mwa wanaoomba ardhi hiyo. Nimewahi kuwa mtendaji wa kijiji, hali hiyo naijua.

Kwanza, ajenda iwafikie watu mapema, ubaoni, msikitini na kanisani. Siku yenyewe mkubaliane muda wa kila mchangiaji, kisha uusimamie hata kwa mzee unayemheshimu sana. Aliyekwisha zungumza asirudi mpaka wengine wapate nafasi. Akina mama na vijana wape nafasi mwanzoni, kwa sababu mzee akishatamka msimamo wake, wachache watathubutu kumpinga hadharani. Maoni yako wewe yaweke kando. Kabla ya kura, rudia hoja za pande zote kwa ufupi. Mtendaji aandike uamuzi na idadi ya kura, ausome palepale.

Kuhusu shemeji: tangaza uhusiano wenu na umwachie mjumbe mwingine kiti kwa ajenda hiyo. Ukikaa, hata uamuzi wa haki utatiliwa shaka.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Usisaini chochote kabla ya kumwona mwanasheria wa halmashauri ya wilaya.