Gari linanuka mvua zikianza: je, nibadilishe siti?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mwezi wa sita nilinunua Toyota Premio kwa mtu. Limetembea sana Dar es Salaam, kisha mwenyewe akahamia huku akawa analitumia njia ya Iringa. Siku nalichukua nilisikia harufu kwa mbali, nikajua itaisha. Na kweli, kiangazi chote sikuisikia. Mvua zilipoanza Desemba ikarudi kwa kishindo. Nimelipeleka kuoshwa ndani. Siku mbili tatu linanukia sabuni, halafu linakuwa baya kuliko mwanzo. Nimeweka mkaa, nimeweka kahawa, nimening'iniza pafyumu hadi kichwa kinauma. Mume wangu anasema ni harufu ya soksi mbichi, hasa AC ikiwashwa. Mimi nasikia samaki, tena nikishusha kioo nikiwa barabarani ndiyo inazidi. Mama mkwe amekuja kutoka Kondoa, amepanda mara moja, sasa anasema afadhali bajaji. Fundi mmoja ananiambia nibadilishe siti zote. Nifanyeje? (Msomaji, Kisasa, Dodoma)

JIBU: Dada, hela ya siti irudishe kwanza mfukoni. Siti zako huenda hazina kosa lolote, na hata ukifunga mpya zitavuta harufu ileile baada ya muda, kwa sababu kinachonuka kitakuwa bado kimo ndani ya gari. Harufu ni chembe za kitu halisi zinazoruka kutoka mahali fulani hadi puani. Mahali hapo pakipatikana, nusu ya kazi imekwisha. Pasipopatikana, pafyumu inakuongezea harufu ya pili juu ya ile ya kwanza, na ndiyo hiyo inayokuumiza kichwa.

Kwa ulivyoeleza, naona wewe na shemeji mnabishana bure. Harufu ni mbili, na kila mmoja amekamata yake.

Tuanze na yako, maana umenipa ushahidi mzuri bila kujua. Gari likiwa kwenye mwendo, hewa huingia kwa mbele na kutokea nyuma, kupitia vijidirisha vyenye vifuniko vya mpira vilivyofichwa pembeni mwa buti, nyuma ya bampa. Vioo vikiwa juu na feni ikivuta hewa ya nje, hewa ya mnakokaa husukumwa kwenda kwenye buti. Ukishusha kioo cha mbele mambo yanageuka: upepo unaopita nje unanyonya hewa ya ndani, na hewa ya buti inavutwa kuja mbele kupitia upenyo ulio nyuma ya siti. Gari linalonuka zaidi kioo kikiwa chini, mimi huanzia kwenye buti.

Sasa unganisha na hiyo njia ya Iringa. Njia hiyo inapita Mtera, na ni watu wachache sana wa Dodoma wanaopita pale bwawani wakaacha perege bila kununua. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo samaki husafiri ndani ya ndoo isiyo na mfuniko au kiroba kinachovuja. Maji yanamwagika, yanapenya kapeti ya buti, yanapita kwenye ubao, yanatua kwenye shimo la tairi la spea. Juu anafuta, chini hakuna anayeangalia. Waosha magari wengi hawainui spea hata siku moja, wao wanapiga povu kapeti ya juu na kuizidishia maji. Ndiyo maana kila likioshwa linazidi: wale bakteria wanaokula mabaki ya samaki walikuwa wamekauka, unawaletea kinywaji. Na ndiyo maana kiangazi ulidhani imekwisha. Hewa yetu ya Juni hadi Oktoba ni kavu kiasi kwamba karibu kila kitu kinachooza husimama. Unyevu wa Desemba ulipofika, kazi ikaendelea pale ilipoachwa.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha. Funga vioo vyote, liache gari juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane, kisha mwite mtu ambaye hajapanda gari hilo siku hiyo. Pua yako imeshalizoea, haikuambii ukweli tena. Mama mkwe ndiye shahidi bora uliye naye hapo nyumbani, mwombe kwa heshima. Afungue buti kwanza, anuse, ndipo afungue mlango mmoja mmoja na kuinamia chini kwenye kapeti. Ndani ya gari lililofungwa juani joto hupita nyuzi 50 kwa urahisi, na joto hilo hulazimisha harufu itoke ilikojificha.

Kwenye buti toa kila kitu: kapeti, ubao, tairi, jeki, na yale maplastiki ya pembeni kama yanatoka bila kuvunjika. Chini ya shimo la tairi kuna kizibo cha mpira. King'oe ili maji yapate pa kutokea. Angalia pia kama maji yalitambaa kwenda mbele chini ya siti ya nyuma. Kwenye sedani nyingi za Toyota kalio la siti hiyo limeshikwa na klipu mbili upande wa mbele, unaliinua kwa nguvu kidogo linaachia. Kandamiza karatasi laini ya chooni kwenye sponji iliyo chini ya kapeti. Ikitoka na unyevu au rangi, umeshapata.

Kuosha kuna mpangilio wake. Usitumie maji ya moto: yanaivisha protini ya samaki na kuigandisha kwenye nyuzi za kapeti, hapo hutaitoa. Anza na maji ya kawaida na sabuni, sugua, suuza. Kisha tumia sabuni ya unga ya kufulia yenye vimeng'enya (soma pakiti, zenye navyo huandika) kwenye maji ya uvuguvugu. Vimeng'enya hivyo hukatakata protini na mafuta ambayo sabuni tupu inayaacha, ila vinahitaji muda na unyevu. Loweka kapeti, lifunike na nailoni lisikauke, liache saa kadhaa au usiku mzima. Wengi hupiga povu na kufuta papo hapo, halafu wanasema sabuni haifanyi kazi.

Ukishasuuza ndipo siki inaingia, siyo kabla, kwa sababu ukali wake unavidhoofisha vimeng'enya. Harufu ya samaki aliyeharibika hutokana hasa na kitu kiitwacho trimethilamini, ambacho kitabia ni kama magadi: ni kinyume cha asidi. Siki ni asidi. Vikikutana hutengeneza chumvi isiyoruka hewani, na pua haisikii kitu. Limau unalomkamulia samaki jikoni linafanya kazi hiyohiyo. Chukua siki nyeupe kikombe kimoja, maji vikombe viwili, nyunyizia bati na kapeti, subiri robo saa, suuza. Bati lifute likauke kabisa, usiache siki ikakaa penye mchubuko wa rangi, utaita kutu.

Kama ingekuwa maziwa yaliyomwagika ningekupa dawa nyingine. Maziwa yakichacha hutoa asidi, kwa hiyo hapo siki ni kuongeza tatizo. Unanyunyiza bikaboneti ya jikoni ikae usiku mzima, kisha unaivuta kwa vakyumu. Mkojo wa mtoto ukishakaa hutoa amonia, huo unarudi upande wa siki. Watu huniuliza dawa ya harufu ya gari kana kwamba ipo moja.

Kukausha ndiko kazi yenyewe, na hapa Dodoma tumependelewa. Hata katikati ya kifuku tunapata siku kadhaa mfululizo za jua na upepo. Chagua siku hizo. Kapeti na ubao vikae nje kwenye kamba, siyo ndani ya gari, mpaka sponji ya chini ikauke hadi katikati. Juu pakavu pasikudanganye. Hiyo sponji yenyewe, kama ni nzito na imeingiwa hasa, itupe ununue nyingine. Ni rahisi kuliko siku za kuifukuzia. Usirudishe tairi ndani kabla bati halijakauka, na kizibo kirudi mahali pake, la sivyo barabara ya vumbi itakuingilia kutoka chini.

Sasa soksi za shemeji. Harufu inayokuja kwa nguvu AC ikiwashwa, kisha inapungua baada ya dakika chache, inatoka kwenye ivaporeta, yaani ile koili ya baridi iliyofichwa nyuma ya dashibodi upande wa abiria. Hewa yenye unyevu ikiigusa hutoa jasho, na maji hayo hutakiwa kutoka kwa kampira kanakomwaga chini ya gari. Vumbi letu jekundu likiganda kwenye koili ile, likakutana na maji hayo, ukungu unapata shamba. Kiangazi hewa ni kavu, koili haitoi jasho la maana, ukungu umelala. Kwa hiyo usishangae kwamba harufu zenu mbili zilirudi mwezi mmoja.

Fungua droo ya dashibodi upande wa abiria. Nyuma yake pana filta ya AC. Itoe. Ikiwa nyeusi au ina majani, usiipulize na kompresa ukairudisha, nunua mpya. Baadhi ya magari ya zamani utakuta nafasi ipo, filta haipo, mtu aliitoa akaona haina kazi. Kisha washa AC kwa robo saa siku yenye unyevu, uangalie chini upande wa kushoto. Maji yakidondoka ni vizuri. Yasipodondoka, na kapeti ya abiria mbele imelowa, kampira kamezibwa na tope. Fundi AC anakazibua kwa muda mfupi tu. Koili yenyewe huoshwa kwa povu maalumu la AC linalopulizwa kupitia kampira hako au tundu la feni. Fanya hivyo vioo vikiwa wazi, usivute hewa ile. Baada ya hapo jizoesheni jambo moja: mkikaribia nyumbani, zimeni AC lakini feni iendelee, dakika tatu au nne, ili koili ilale kavu.

Kuhusu vitu vya kujaribu mtaani. Mkaa wa kupikia hufyonza kidogo sana. Unaofyonza kweli ni ule uliotengenezwa kiwandani ukapewa vitundu vingi mno visivyoonekana kwa macho. Kwa hiyo wako hauna madhara, ila utaondoka na vumbi jeusi kwenye kapeti. Kahawa ni pafyumu tu yenye jina la heshima. Mashine ya ozoni (inayopuliza gesi ya kuua harufu), ambayo utatajiwa, ina kazi yake kwenye harufu ya sigara iliyobaki baada ya kufuta plastiki, vioo, dari na mikanda ya siti (mikanda husahaulika karibu kila mara). Lakini ozoni haizami ndani ya sponji yenye maji ya samaki, na inaumiza mapafu: asikae mtu ndani, na gari lifunguliwe lipigwe upepo wa kutosha kabla ya kupanda. Atakayekushauri plastiki za ndani zifutwe kwa petroli, mpite mbali.

Na hili nakusisitizia kama kwa dada yangu wa tumbo moja: Jiki na siki visikutane. Vikichanganyika hutoa gesi ya klorini, na ndani ya buti umeinama kichwa chini huna pa kukimbilia. Jiki usiitumie kabisa kwenye kazi hii. Itaondoa rangi ya kapeti, na ikikutana na mkojo au samaki aliyeoza inatoa gesi nyingine zinazokaba.

Dari ya gari usiiloweshe, gundi yake ikiachia kitambaa kinaning'inia kichwani. Ukihitaji kutoa siti za mbele, Toyota nyingi zimefungwa kwa bolti nne za namba 14, ila chini yake kuna nyaya zenye soketi ya njano. Hizo ni za eabegi (mifuko ya hewa inayofumuka gari likigonga) au za mikanda. Toa terminali hasi ya betri na usubiri dakika kadhaa kabla ya kuzigusa, au mwachie fundi.

Zipo harufu ambazo siyo za kusafisha hata kidogo. Utamu kama wa peremende pamoja na ukungu wa mafuta kwenye kioo cha mbele ni kulanti (maji ya kupozea injini) inayovuja kwenye hita, na kulanti ni sumu. Petroli ni petroli, liache gari nje mpaka fundi afike. Moshi wa ekzosi ndani ya gari una kaboni monoksidi isiyo na harufu yake yenyewe, kwa hiyo ukisikia moshi tu, shusha vioo vyote na nenda kwa mchomeleaji siku hiyohiyo.

Anza na buti Jumamosi hii kama jua lipo. Ukikuta shimo la tairi ni kavu na halina kitu, niandikie tena uniambie gari lilikuwa likilala wapi kabla yako. Yanayolala karibu na maghala ya nafaka, kama kule Kibaigwa, panya huingia kwenye feni ya AC wakafia humo, na huo ni ufunguaji mwingine kabisa.