Kurudia masomo kunaanza ukishafunga daftari

Mwanafunzi anayesoma daftari lake mara tano na kulipaka rangi kila mstari huamini amefanya kazi kubwa, na kweli amechoka. Shida ni kwamba kila anapolisoma tena maneno yanazidi kuzoeleka machoni, naye anadhani kuzoea ndiko kujua. Mtihani hauulizi kama umewahi kuliona jambo. Unakutaka ulitoe kichwani, na kulitoa ni zoezi la peke yake.

Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Wengine walivisoma tena, wengine wakajaribu kuandika walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma tena walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Zile dakika 5 ndizo zinazowadanganya watu: unafunga kitabu, kila kitu bado kiko motomoto, unajiona umeiva.

Basi fanya hivi. Chukua mada ndogo, tuseme usanisinuru, uisome kwa dakika 10 hadi 15. Funga daftari. Kwenye karatasi tupu andika kila unachokumbuka: istilahi, hatua, mchoro pamoja na majina ya sehemu zake. Ukikwama usikimbilie kufungua. Kaa na swali dakika moja au mbili, maana kule kutafuta ndiko kunakoimarisha kumbukumbu. Kisha fungua, ujaze mapengo kwa kalamu ya rangi nyingine. Yaliyoandikwa kwa rangi hiyo ndiyo ya kushughulikia. Mengine yaache yapumzike.

Rudi kwenye mada hiyo kesho yake, halafu baada ya siku 3, halafu baada ya wiki. Hapa wengi wanaharibu: wanapitia daftari kwanza "kujikumbusha" ndipo wajipime, na wanachopima ni kumbukumbu ya dakika chache tu. Anza na karatasi tupu hata kama itatoka mbaya. Itatoka mbaya kweli, na inakera, lakini ndiyo faida yake.

Kadi zinafaa kwa tarehe, istilahi, misamiati na kanuni. Kadi moja, swali moja, jibu la mistari miwili mitatu nyuma. Sema jibu kwa sauti au liandike kabla ya kugeuza, la sivyo jicho litakuambia "nilijua" kumbe hukujua. Ukipata, kadi inasogea kwenye fungu la kurudiwa baada ya siku kadhaa. Ukikosa, inarudi kwenye fungu la kila siku. Kutengeneza kadi maridadi kwa siku nne bila kujipima hata mara moja ni burudani tu.

Hisabati na fizikia hazirudiwi kwa kusoma. Fanya maswali, tena yaliyochanganywa. Ukifanya maswali 20 ya mada moja mfululizo, kuanzia la tatu hufikiri tena ni kanuni gani itumike. Unairudia ileile tu. Mtihani haukuambii swali ni la mada gani, kwa hiyo kuchagua njia ni nusu ya kazi, na nusu hiyo huifanyii mazoezi mpaka uchanganye.

Mitihani ya miaka iliyopita usiiweke ya wiki ya mwisho. Itumie mapema kwa mada moja moja, ukibakiza michache ya kufanya nzima kwa muda kamili wa mtihani, bila simu na bila kitabu. Piga hesabu ya muda kabla hujaanza. Karatasi ya alama 100 kwa saa 3 ni dakika 180. Ondoa 15 za kupitia majibu, zinabaki 165, yaani karibu dakika moja na sekunde 40 kwa kila alama. Swali la alama 8 lina dakika 13. Likifika 13 halijaisha, acha nafasi uende mbele, kwa sababu alama za mwanzo za swali jingine ni rahisi kupata kuliko alama ya mwisho ya swali unalong'ang'ania.

Sahihisha kwa ukali ukitumia mwongozo wa usahihishaji kama upo, kisha weka daftari la makosa. Andika swali, ulichokosea, na aina ya kosa. Hukujua? Rudi kwenye mada. Ulijua ila umeandika kisichoulizwa? Hapo tatizo ni usomaji wa swali: "taja" linataka mstari mmoja, "linganisha" linataka pande zote mbili, na maelezo mazuri ya upande mmoja hukosa alama kila siku. Ulikosea kujumlisha au kuandika kipimo? Au muda uliisha? Kila kosa lina dawa yake, na mwenye kosa la muda hasaidiwi na kusoma sura nzima upya.

Ratiba nzuri ni ile isiyopendeza sana. Ratiba ya saa 12 kwa siku huvunjika siku ya tatu, na baada ya hapo mtu anasoma huku akijilaumu. Vipindi vya dakika 40 hadi 50 na mapumziko ya 10 vinatosha. Simu ikae chumba kingine, siyo juu ya meza ikiwa imefunikwa. Siku moja kati ya saba iache wazi kwa yaliyochelewa.

Wasiwasi nao una mahali pake. Kiasi kidogo kinakuamsha. Kikizidi, kinakalia nafasi ileile ya akili unayotumia kushika hatua za hesabu. Sehemu kubwa hutokana na giza: "sijui chochote" ni hisia, ilhali mapengo sita ya rangi kwenye karatasi yako ni kazi ya jioni mbili. Kwa wale ambao hofu huwapanda mlangoni, wanasaikolojia Gerardo Ramirez na Sian Beilock walionyesha mwaka 2011 kwamba kuandika hofu hizo waziwazi kwa dakika 10 kabla ya mtihani kuliinua alama za wenye wasiwasi mkubwa. Andika, kisha tupa. Ndani ya chumba, vuta pumzi ukihesabu 4, itoe taratibu ukihesabu 6, mara kadhaa. Akili ikiganda, ruka swali, fanya lile unalolijua. Jibu lililokwama mara nyingi hujitokeza ukiwa kwenye swali jingine.

Kukesha ni biashara ya hasara. Kijana anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na uliyosoma mchana hukazwa kichwani ukiwa umelala. Kahawa ya saa 11 jioni, nusu ya kafeini yake huenda bado imo mwilini saa 4 usiku. Usiku wa mwisho pitia daftari la makosa kwa saa moja, panga kalamu na vifaa, ulale.

Mkitoka chumbani epuka kikao cha kulinganisha majibu. Karatasi imeshakusanywa, na kesho kuna nyingine.

Na wazazi: ukimwona mtoto hali chakula, halali usiku wiki nzima, analia bila sababu au anasema afadhali asingekuwepo, hiyo siyo homa ya mtihani. Ratiba iwekwe kando, umketishe umsikilize, na umpeleke kwa mshauri au daktari siku hiyohiyo. Kijana mwenyewe ukijiona hivyo, mwambie mtu mzima unayemwamini leo, usingoje mitihani iishe.