Dona sawa, ila tuanze na gunia

Swali la wiki la gazeti liliuliza: "Je, familia yako inaweza kuacha sembe na kula dona kila siku?" Inaweza. Dona ni unga wa mahindi mazima, sembe ni wa yaliyokobolewa. Wengi wanaosema dona imewashinda huwa wameisonga kama sembe. Pumba hunywa maji polepole. Kwa vikombe 4 vya maji tenga vikombe 2 vya unga na akiba kidogo pembeni. Vuruga nusu kikombe kwa maji baridi, mimina kwenye maji yanayochemka, uji utokote dakika 7 hivi ndipo usonge. Ukishashikana, funika kwa moto mdogo dakika 5. Uji ukiwahiwa, ugali hubaki na chengachenga na watoto watasema una mchanga. Mwenye wasiwasi achanganye robo ya dona kwenye sembe, kisha apandishe taratibu.

Dona ikiwa chungu, mara nyingi imekaa mno. Kiini cha mahindi kina mafuta, na yakishasagwa huharibika upesi, hasa kwenye joto la Pwani. Sagisha ya wiki mbili tatu, si gunia zima. Na wanaoosha mahindi kabla ya kwenda mashineni wayaanike tena mpaka yakauke kabisa, maana unga mbichi huota ukungu ndani ya ndoo.

Hayo ni ya jikoni. Gazeti halikuuliza jambo zito zaidi: dona ya mahindi gani?

Tukumbuke Ukambani, Kenya, mwaka 2004. Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu walianza kuwa na macho ya njano, matumbo kujaa maji, ini kufeli. Waliohesabiwa kuugua walikuwa 317, na 125 kati yao walikufa. Chanzo kilikuwa sumukuvu kwenye mahindi ya chakula cha kila siku, yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Wachunguzi walipolinganisha kaya, walioweka mahindi ndani ya nyumba walionekana kuwa hatarini kuliko waliotumia ghala la nje. Mwenye njaa huyaweka karibu na kitanda, nani atamlaumu? Lakini sakafu ya udongo na chumba kisicho na hewa ndivyo kuvu inavyopenda. Na kupika hakukuwaokoa: sumu hii haimalizwi na moto wa jikoni, uchemshe githeri kutwa nzima. Kwetu Tanzania yalitokea mwaka 2016, Dodoma na Manyara, na watu wakafa vilevile.

Sasa, sumukuvu hukaa kwa wingi kwenye ganda na kiini, sehemu zilezile tunazozisifia dona. Kukoboa, kama wanavyofanya Wakamba kwenye muthokoi, huipunguza, ingawa haiimalizi. Kwa hiyo kwa gunia baya, sembe ni afadhali kuliko dona. Nilianza kuandika nikiwa upande wa dona moja kwa moja. Sentensi hiyo imenipunguza kasi.

Basi gunia lipimwe. Chukua chupa kavu, tia chumvi kavu kiasi na mahindi mpaka theluthi, tikisa dakika chache, acha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, rudisha kwenye turubai (si chini). Lengo ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Pepeta, kisha chambua kwa mkono: yaliyovunjika, yaliyotobolewa na dumuzi, yenye rangi ya kijani au kijivu, yote nje, na msiwape kuku. Mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, inafaa, lakini ukifungia mahindi mabichi humo umefungia tatizo. Na punje safi kwa macho bado inaweza kuwa na sumu. Kuchambua hupunguza tu.

Hukumu yangu: mwenye mahindi yake, aliyeyaanika na kuyachambua mwenyewe, ale dona kila siku. Anayenunua kilo mbili mbili sokoni bila kujua yalikokaa, ale sembe, nafaka nzima aitafute kwenye ulezi, ambao husagwa mzima kwa kuwa punje ni ndogo mno kukobolewa. Auoshe mara tatu nne, mchanga utuame. Na kwa uji wa mtoto mdogo, ule unga wa lishe wa nafaka saba uliojazwa mahindi na karanga za kubahatisha ningeuacha dukani. Karanga nazo hupata sumukuvu kama mahindi.