Nyaraka za Python bila kula bando

Mdogo wangu, umeuliza namna ya kusoma nyaraka za Python, lugha ya programu, ukiwa ndani ya Vim, kihariri cha kuandikia msimbo, bila kurukia kivinjari kila dakika. Kabla hujapakua chochote, weka kishale juu ya neno ubonyeze K, herufi kubwa. Kwenye faili la Python, Vim yenyewe inaita pydoc, zana ya Python ya kuonyesha maelezo ya neno hilo. Mimi nililijua hilo nimeshachelewa, aibu tupu.

Ukiona maelezo ya pydoc makavu, weka Zeal, programu ya kusomea nyaraka kwenye kompyuta yako. Ni ya bure, iko kwa Linux na Windows, na inatumia vifurushi vilevile vya nyaraka vya Dash, programu kama hiyo ya Mac. Halafu ongeza zeavim, plagini (nyongeza) ya Vim inayoiita Zeal: kishale juu ya neno la Python kama `sorted`, bonyeza \ kisha z, Zeal inafunguka na neno hilo limeshatafutwa. Ukishapakua vifurushi, intaneti haihitajiki tena. Vyangu nilipakua kwa Wi-Fi ya chuo hapa Dodoma. Bando likikata usiku geto, naendelea na kazi.

Ila usipakue kila kifurushi unachokiona. Chukua Python na Django (mfumo wa Python wa kujengea tovuti) unazotumia, basi, diski yako ni ndogo.