Baba Aliyeendesha Garratt Anakuja Uingereza: Nimpeleke Reli Ipi?

SWALI: Mhariri wa safu hii, salamu nyingi. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na mwaka huu natimiza miaka 12 nikiishi Manchester pamoja na mume wangu na watoto. Baba yangu, ambaye sasa ana umri wa miaka 78, atakuja kututembelea mwezi wa Juni. Aliajiriwa na Reli ya Afrika Mashariki mwaka 1967 akiwa fayamani, yaani mchochea moto, akapanda hadi udereva, na miaka yake ya mvuke aliimalizia juu ya zile Garratt kubwa za daraja la 59, vichwa vya mvuke vyenye injini mbili, kati ya Mombasa na Nairobi. Ningependa kumpa siku moja ya kupanda treni ya mvuke mahali penye mandhari nzuri. Naambiwa reli za kumbukumbu zinazoendeshwa kwa mvuke ziko nyingi huku, nami sijui nichague ipi. Magoti yake hayana nguvu kama zamani, na tena si mtu wa kufurahishwa na maonyesho: akihisi kwamba kichwa cha treni kimewashwa kwa ajili ya kupigwa picha tu, atanyamaza siku nzima. Naomba ushauri wako.
Binti wa Dereva, Manchester

JIBU: Binti wa Dereva, kwanza mfikishie mzee shikamoo yangu. Pili, usihangaike na orodha ndefu, kwa sababu kwa mtu mwenye historia ya baba yako ipo reli moja inayozipita zote, nayo ni Welsh Highland Railway, inayoanzia Caernarfon, mji wa pwani ya kaskazini-magharibi mwa Wales, na kuishia stesheni ya bandarini Porthmadog, mwendo wa maili 25, yaani kilomita 40. Sababu yangu ni moja na naamini inatosha: treni za mvuke za reli hiyo huvutwa na Garratt.

Wala si Garratt za kuigiza. Ni vichwa vilivyofanya kazi ya kweli kwa miaka mingi katika reli nyembamba za Natal, Afrika Kusini, kabla ya kupelekwa Wales. Namba 138 na namba 143 viliundwa mwaka 1958 katika kiwanda cha Beyer, Peacock kilichokuwa Gorton, humo humo katika mji unaoishi wewe, na kiwanda hicho ndicho kilichounda, mwaka 1955 na 1956, Garratt zote 34 za daraja la 59 alizozipanda baba yako. Kiwanda kilifungwa mwaka 1966, na namba 143 huhesabiwa kuwa kichwa cha mwisho cha mvuke kutoka milangoni mwake. Kabla ya kuondoka nyumbani mwambie mzee jambo hili, kisha mwache alitafakari njiani.

Umwandae pia kwa habari ya umbo. Garratt ya daraja la 59 ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 250, urefu wa karibu mita 32 na magurudumu 28, ikipita juu ya reli yenye upana wa mita moja. Hizi za Wales zina uzito wa tani 60 hivi na magurudumu 20, na reli yake haifikii hata sentimita 60 kwa upana, kwa hiyo atakapokiona kichwa hicho mara ya kwanza atakiona kama mtoto wa kile alichokizoea. Lakini kila kiungo kiko mahali pake: tangi la maji mbele, boila katikati, fueli nyuma, na injini mbili chini zikitazamana kisogo. Tofauti kubwa ataikuta kwenye moto. Garratt zetu zilichoma mafuta mazito, na kazi ya fayamani ilikuwa kucheza na valvu na kusoma rangi ya moshi, ilhali huko Wales atamwona kijana ameinamia koleo akitupa makaa ya mawe tanurini kwa mkono. Muulize baba yako kuhusu mchanga. Wale waliochoma mafuta walikuwa wakitia mchanga tanurini wakati treni inavuta kwa nguvu, ukafyonzwa kupitia mabomba ya boila na kukwangua masizi, na bomba la moshi likatapika wingu jeusi tii. Sijapata kukutana na dereva mstaafu asiyekuwa na kisa cha mchanga ule.

Sasa nikuambie jambo ambalo tangazo lolote la utalii halitakuambia, nalo ndilo ningelipia nauli kwa ajili yake peke yake. Injini mbili za Garratt hazikufungwa pamoja. Kila moja ina silinda zake na magurudumu yake, na kwa kuwa magurudumu hayachakai sawasawa wala hayatelezi sawasawa, pumzi za injini ya mbele na za injini ya nyuma, zinazotoka katika bomba moja la moshi, haziendi kwa mpigo mmoja. Kwa dakika kadhaa utasikia mipigo ya harakaharaka inayopishana, kama wanawake wawili wanaotwanga katika kinu kimoja. Kisha polepole mipigo inasogeleana, inakutana, inakuwa pumzi moja nzito ya kuitikisa sakafu ya behewa, halafu inaanza kuachana tena. Mimi nilikaa behewa la kwanza nyuma ya kichwa tulipokuwa tukipanda kutoka stesheni ya Waunfawr, dirisha nimelifungua kidogo, na nilijikuta nimeacha kuangalia milima ili nisikilize mipigo inavyokutana. Mtu aliyekaa miaka juu ya Garratt anaijua sauti hiyo kuliko anavyoijua sauti ya jirani yake. Basi usimsemeshe mzee kwenye mwinuko ule.

Mwinuko wenyewe si wa mchezo. Kutoka usawa wa bahari Caernarfon, reli hupanda hadi karibu mita 200, na penye ukali wake hupanda mita moja kwa kila mita 40 za mwendo, wakati kwenye njia yetu ya Mombasa hadi Nairobi daraja la 59 lilipangiwa miinuko ya asilimia 1.5, yaani mita moja kwa kila mita 66 au 67. Baba yako ataona dereva na fayamani wanavyohangaika, na hapo hofu yako ya maonyesho itakwisha, kwa sababu kichwa kisichopewa moto wa kutosha hakifiki Rhyd Ddu, stesheni ya huko juu.

Kuhusu mandhari, nenda ukiwa umekaa upande wa kulia wa treni inayotoka Caernarfon, na wakati wa kurudi mhamie upande uliokuwa wa kushoto mlipokuwa mkienda. Kulia mtaliona ziwa la Llyn Cwellyn, refu na tulivu chini ya mteremko. Kushoto upo mlima mrefu kuliko yote ya Wales, wenye mita 1,085, ambao Waingereza huuita Snowdon na wenyeji huuita Yr Wyddfa, jina ambalo tangu mwaka 2022 mamlaka ya hifadhi ya taifa ya huko imeamua ndilo litumike. Baada ya Rhyd Ddu treni huteremka kwenda kijiji cha Beddgelert kwa mikunjo mikali ya kujipindapinda kama nyoka, na hapo mtaweza kukitazama kichwa chenu kupitia dirishani kikigeuka kwenye kona, injini ya mbele imeshaelekea upande mmoja na ile ya nyuma bado iko upande mwingine, huku boila ikining'inia katikati. Ukiwa na nafasi ya picha moja tu, ipige hapo. Halafu mtapita bonde jembamba la Aberglaslyn, mto unanguruma kulia kwenye mawe, treni inaingia na kutoka mahandakini, na ghafla milima inakwisha na kuacha uwanda ulio sawa kama meza hadi Porthmadog, ambako treni hukata njia ya reli kubwa na kupita kati ya magari ya barabarani kabla ya kusimama bandarini.

Mzee atapenda kujua pia kwamba reli hii ilikufa kweli. Ilifunguliwa yote mwaka 1923, ikaacha kubeba abiria mwaka 1936, na wakati wa vita vikuu vya pili reli zake zikang'olewa. Kazi ya kuirudisha ilianza upande wa Caernarfon mwaka 1997, ikasonga stesheni kwa stesheni, na treni za abiria zikafika tena Porthmadog mwaka 2011. Sehemu kubwa ya kazi hiyo, hata ya kutandika mataruma, ilifanywa na watu wa kujitolea, na miongoni mwa wahudumu mtakaowakuta stesheni bado wako wengi wasiolipwa mshahara. Baba yako akijitambulisha kwao kwamba ni dereva wa Garratt kutoka Afrika Mashariki, nina hakika hatakosa wa kuzungumza naye. Afike stesheni nusu saa mapema, kichwa kikiwa bado kinapakwa mafuta, kwa sababu treni ikishakaribia kuondoka wafanyakazi hawana nafasi ya mazungumzo.

Mambo ya matayarisho ni machache. Safari nzima huchukua zaidi ya saa mbili kwenda na zaidi ya saa mbili kurudi, na si kila treni hufika mwisho wa njia, kwa hiyo soma ratiba kwa uangalifu kabla ya kulipa. Uliza kwa simu ni kichwa gani kitavuta siku hiyo, maana vichwa vya mvuke huenda karakana kwa zamu na baadhi ya siku hufanya kazi dizeli. Waeleze habari ya magoti ya mzee wakati wa kukata tiketi, nao watampa nafasi inayomfaa. Kutoka Manchester mtapanda treni hadi Bangor, pengine mkibadilisha njiani, kisha basi hadi Caernarfon. Lakini kwa mtu wa miaka 78 kuyafanya yote hayo kwa siku moja ni kumtesa, basi laleni Caernarfon usiku wa kuamkia safari, mkaione jioni ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1283. Na chukueni makoti hata kama ni Juni, kwani milima ile ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Uingereza.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nimesoma kwamba Garratt zilibuniwa na Mwingereza, lakini zilienea zaidi Afrika kuliko kwao. Ni kwa nini?
Mwalimu, Tabora

JIBU: Mwalimu, jibu liko kwenye reli zenyewe. Mhandisi Herbert William Garratt aliomba hataza ya ubunifu wake mwaka 1907, na vichwa viwili vya kwanza viliundwa mwaka 1909 kwa ajili ya kisiwa cha Tasmania. Katika kichwa cha kawaida boila hukaa juu ya magurudumu, kwa hiyo ukitaka boila pana unazuiwa na magurudumu, na ukitaka nguvu zaidi unaongeza uzito juu ya ekseli zilezile hadi reli inapinda. Garratt aliitoa boila juu ya magurudumu akaining'iniza kati ya injini mbili, ikaweza kuwa nene, na tanuri likaweza kuwa pana na la kina, huku uzito ukigawanywa juu ya ekseli nyingi na kichwa chote kikikunjika kwenye kona. Reli za Afrika zilikuwa nyembamba, nyepesi, zenye kona kali na miinuko mirefu, na treni za mizigo zilizidi kuwa nzito kila mwaka. Uingereza walikuwa na reli nzito na zilizonyooka, hivyo hawakuwa na shida hiyo. Kampuni kubwa ya reli ya huko, LMS, ilinunua 33 tu kwa ajili ya treni za makaa ya mawe. Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi, chukua rula moja ndefu na viberiti viwili: iweke rula juu ya viberiti, kila ncha na kiberiti chake, kisha zungusha kiberiti kimoja kimoja. Wataelewa upesi kuliko kwa mchoro.

SWALI: Sisi tusio na nauli ya Ulaya tutaziona wapi Garratt za daraja la 59?
Mpenda Reli, Thika

JIBU: Ziko karibu nawe. Kati ya zile 34 zimebaki mbili, nazo zote ziko Makumbusho ya Reli ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1971 karibu na stesheni kuu: namba 5918, Mount Gelai, na namba 5930, Mount Shengena. Ile ya kwanza ilifufuliwa mwaka 2001 na ikatembea tena kwa mvuke wake. Huko hutapanda safari, lakini utaweza kusimama ubavuni mwake na kutembea kutoka ncha hadi ncha ukihesabu hatua, na ndipo utakapoelewa maana ya mita 32. Nenda asubuhi, jua likiwa bado halijaipasha chuma, na ukiwa na babu wa reli mtaani kwenu, mchukue mwende pamoja.